Mtu na Mahali Pake

Maneno ya kikundi cha picha katika mkutano wa wanachama, kando ya ziwa Tshangalele



Tuliombwa tueleze namna gani picha za wanachama zinazotoka katika gazeti hili zinaweza kuwa nzuri zaidi. Wengine walifikiri tutakuja kulomba feza ya kununua kamera kubwa. Hapana. Tutasema juu ya telefone, juu ya jua la Katanga ambalo hakuna anayelilipia, na juu ya mambo matatu: kupanga picha, kutumia mwangaza, na kuitengeneza picha kisha kuipiga. Lakini tuseme kwanza sababu gani kazi hii inatuhusu sana sisi tuliorudi.

Picha ya karatasi

Wale kati yetu waliokimbilia Zambia wakati wa vita, wakakaa Kala, Mwange ao Meheba, wanaijua picha ya karatasi ya kambi. Unasimama mbele ya ukuta ao kitambaa. Unaambiwa: angalia hapa, usicheke. Imekwisha, mwingine aje. Picha ile ilikuwa na kazi yake. Kwa njia yake tulipata unga, na kwa njia yake tuliandikwa katika listi ya kurudi. Hatuidharau.

Lakini iangalieni tena. Iko na uso, iko na namba, haiko na mahali. Mvuvi, mwalimu, fundi wa kushona, mama wa batoto saba: wote wanafanana mbele ya ukuta ule. Kambi za Kala na Mwange zilifungwa mwaka wa 2010, watu wakarudi inchini, na katika nyumba nyingi picha ile njo ya zamani kuliko zote iliyopo. Zile za mbele yake, za arusi, za batizo, za wazee, zilibaki katika nyumba tulizokimbia. Ni sawa vile kwa wandugu wetu wengine ambao hawakuvuka mpaka, bali walitolewa Likasi kwa treni kuelekea Kasai miaka ya 1992 na 1993 na wakarudi nyuma ya miaka. Mtoto akiuliza, "Papa alikuwaka namna gani?", hakuna cha kumuonyesha.

Basi kurudi ni kurudi mahali. Kama picha ya kambi ilimtoa mtu mahali pake ikamweka mbele ya ukuta, picha yetu inapaswa kumrudisha. Wapigapicha wa kazi hii wanaitambua aina hiyo: picha ya mtu ambamo nyumba yake, chombo chake, maji yake ao shamba lake vinasema pamoja na uso. Sisi tutaiita tu picha ya mtu mahali pake. Picha nyingine, ile ya kuomba huruma, inamweka pia mtu mbele ya ukuta, hata kama nyuma yake kuna majani. Inasema neno moja tu: maskini. Hatutaki hiyo tena katika gazeti letu.

Kupanga picha

Kupanga kunaanza mbele ya kutoa telefone mfukoni. Unakaa na mtu, unasalimia, unauliza: "Ungependa watu wakuone ukiwa na nini?" Jibu linaweza kukushangaza. Mama mmoja wa chama chetu anakausha samaki kwa moshi. Tulifikiri tutampiga picha pale, moshi ukipanda, kitu kizuri sana kwa macho. Alikataa. "Hapana mu moshi," akasema. "Munipige na kaye yangu ya likelemba. Moshi kila mutu anauonaka. Kaye, hakuna mwenye anaiona." Yeye njo anayechunga feza ya likelemba ya bamama kumi na wawili, na hakuna franka iliyopotea. Tulimpiga kwenye mlango wa nyumba yake, kaye wazi juu ya magoti, kalamu mkononi, na vitalu vya samaki vikionekana nyuma kwa mbali. Mtu akiiona picha ile anajua mambo matatu pasipo kuambiwa: mama huyu anafanya kazi, anaaminiwa, na anajua kuhesabu.

Chagueni vitu vichache. Vitu viwili ao vitatu vinatosha. Kama ndoo, viatu, radio, baiskeli na nguo zilizoanikwa vyote vimo, jicho halijui liende wapi. Ondoeni visivyosema kitu, ao hamieni hatua mbili pembeni mpaka vitoke. Lakini mchunge: kuondoa ndoo si kosa, kuondoa ukweli ni kosa. Kama nyaya kubwa za umeme zinapita juu ya nyumba isiyo na taa, msizikwepe. Ziwa letu lenyewe lilizaliwa na ukuta wa Mwadingusha uliojengwa juu ya mto Lufira, na mitambo yake ilianza kutoa umeme mwaka wa 1930. Mvuvi mbele, nyaya nyuma: hiyo ni historia ya hapa katika picha moja.

Mpigapicha Arnold Newman wa Marekani alijulikana sana kwa picha za namna hii. Mwaka wa 1946 alimpiga mtunzi wa muziki Igor Stravinsky huko New York. Mtu mwenyewe yuko katika kona ya chini, mdogo, ameegemea mkono wake. Sehemu kubwa ya picha imejaa kifuniko cheusi cha piano kilichoinuliwa. Newman hakumweka katikati, na tena kisha kupiga alikata pande za picha mpaka yakabaki mambo mawili tu: mtu na kazi yake. Tujifunze hapo. Mtu si lazima awe katikati, wala si lazima ajaze picha. Mtumbwi mrefu unaweza kuchukua nusu ya picha, na mwenyewe akakaa kwenye ncha yake. Ubavu wa mtumbwi unalipeleka jicho mpaka kwake, sawa njia inavyokupeleka nyumbani.

Sasa mambo manne madogo yanayoharibu picha zetu nyingi.

La kwanza ni mstari wa ziwa. Maji na mbingu vinapokutana vinafanya mstari, na mara nyingi mstari ule unapita shingoni, kama kisu. Inama kidogo ao panda kidogo, mpaka mstari ushuke kwenye kifua ao upande juu ya kichwa. Na uangalie usawa wake: ziwa haliinami upande mmoja.

La pili ni kitu kinachoota kichwani. Mti ao nguzo ikiwa nyuma kabisa ya mtu, katika picha itaonekana kama pembe. Hatua moja kushoto inatosha.

La tatu ni karibu mno. Telefone ikiwa karibu na uso inakuza pua na kuvuta mikono. Rudi nyuma hatua tatu. Kama telefone yako iko na jicho la pili la kuvuta karibu, tumia lile. Kama haina, piga kwa mbali kidogo na kata pande baadaye.

La ine, na hili tunalisema kwa nguvu: urefu wa macho. Ukisimama juu ya mtu aliyeketi ukampiga, unamfanya mdogo. Ndiyo namna picha nyingi za huruma zinavyopigwa, kutoka juu, mtoto akiinua macho. Piga magoti. Keti chini kama yeye ameketi chini. Suruali itachafuka, itafuliwa. Macho yakiwa sawa na macho, picha inabadilika: anayeiona gazeti kule Bulaya anakutana na mtu, haangalii chini kisimani.

Mwangaza

Hapa kwetu jua ni jingi, na ndiyo matatizo yake. Saa sita mchana jua liko juu ya kichwa. Macho yanakuwa mashimo mawili meusi, na kofia inakula nusu ya uso. Saa nzuri ni asubuhi, saa moja na saa mbili, wavuvi wanaporudi. Na tena kuanzia saa kumi, jua linaposhuka. Wakati huo mwangaza unatoka pembeni, unagusa shavu, unaonyesha mistari ya mikono na nyuzi za wavu.

Kila majira yako na tabia yake. Wakati wa kipwa, mwezi wa sita na wa saba, asubuhi ni baridi na ukungu unaweza kulala juu ya maji. Mwezi wa nane na wa tisa, moto wa majani unajaza hewa na moshi; jua linakuwa jekundu na laini, kivuli hakikati sana. Wakati wa mvua, wingu ni rafiki: linafanya kazi ya pazia nyeupe, na mnaweza kupiga hata mchana. Msikimbie wingu.

Na kama mtu hana nafasi isipokuwa saa sita? Mpeleke kivulini, chini ya mwembe ao kwenye baraza, uso wake uangalie nje, upande wenye mwangaza. Usimweke ndani kabisa ya giza. Mlete kwenye ukingo wa kivuli. Mlango wa nyumba ni taa nzuri kuliko zote tulizo nazo. Mtu akikaa ndani hatua moja toka mlangoni, ameelekea nje, mwangaza unampata usoni na nyuma yake panabaki giza tulivu. Namna hiyo njo tulivyompiga mama wa likelemba.

Upande mmoja wa uso ukiwa mweusi sana, chukua mfuko mweupe wa unga, uukunjue, mtu mwingine aushike upande wa kivuli. Mfuko unarudisha mwangaza usoni. Watu watacheka, na ni vizuri: mtu aliyecheka amekwisha sahau telefone.

Ziwa lenyewe ni mtego. Maji nyuma ya mtu yanang'aa, telefone inahesabu mwangaza wa maji na kusema, "Hapa ni peupe sana, nipunguze." Inapunguza, na uso unakuwa kivuli kitupu. Weka kidole juu ya uso katika kioo cha telefone. Itahesabu uso na siyo maji. Kisha panda ao shuka kwa alama ya jua mpaka ngozi ionekane sawa na unavyoiona kwa macho yako. Maji yakipotea kuwa meupe kabisa, mgeuze mtu kidogo, maji yabaki pembeni.

Tukisema ngozi, kuna historia ambayo vijana wanapaswa kuijua. Kwa miaka mingi, mahali pa kusafishia filimu za rangi palitumia kadi ya mfano iliyotoka kampuni ya Kodak, yenye picha ya mwanamke mweupe. Waliiita kadi ya Shirley, jina la wa kwanza kupigwa. Kama ngozi ya Shirley imetoka vizuri, basi mashini iko sawa. Ngozi nyeusi haikuhesabiwa. Tena waliosikilizwa walipolalamika kwamba rangi ya kahawia haitoki vizuri ni watengenezaji wa chokoleti na wa meza na viti vya mbao. Kadi yenye watu wa ngozi mbalimbali ilikuja katika miaka ya 1990. Kwa hiyo mzee akikuambia, "Miye siko na sura ya foto," mjibu kwamba si sura yake iliyokosa. Vyombo vilitengenezwa pasipo kumfikiri. Kazi yako ni kumtafutia mwangaza wake, siyo kumfanya mweupe.

Mwangaza unaweza pia kumhukumu mtu. Newman yule yule, mwaka wa 1963, alimpiga Alfried Krupp, tajiri wa viwanda vya chuma huko Ujerumani, aliyehukumiwa kisha vita kwa sababu ya watu waliotumikishwa kama watumwa katika viwanda vyake. Newman alikuwa Myahudi. Aliweka taa pande mbili za uso, akamwomba ainame mbele, mikono chini ya kidevu, kiwanda nyuma yake. Uso ukatoka kama wa shetani. Krupp alikasirika sana. Sisi hatutoi hukumu, lakini tukumbuke nguvu iliyo mikononi mwetu: taa ya telefone ikimulika toka chini, usiku, inaweza kumfanya baba wa watu aonekane kama mwizi. Hakukusudia mtu, lakini picha imesema.

Kutengeneza picha

Sasa tufike kwenye jambo lililoleta maneno mengi katika kikundi chetu.

Kutengeneza picha ni halali. Nyoosha mstari wa ziwa. Kata pande zisizo na kazi. Inua kidogo mwangaza wa uso uliobaki kivulini. Shusha kidogo mbingu iliyong'aa mno. Programu kama Snapseed inafanya hayo yote bila malipo, na inaweza kugusa sehemu moja tu pasipo kubadilisha picha nzima. Daima fanya kwenye nakala, na picha ya kwanza ibaki sawa ilivyopigwa. Unapoituma kwa WhatsApp, itume kama dokima, siyo kama foto, la sivyo itabanwa na haitafaa kuchapishwa.

Kinachokatazwa ni hiki: kulainisha ngozi, kuifanya nyeupe, kupunguza pua, kuondoa makovu. Telefone nyingi zinafanya hayo zenyewe pasipo kukuuliza. Tafuta alama ya urembo katika kamera na uizime. Mzee mmoja alipoonyeshwa picha iliyopita katika urembo huo aliangalia kwa muda mrefu, akasema: "Foto iko muzuri, lakini ule haiko miye." Kwa mtu aliyebaki miaka mingi na picha ya karatasi tu, neno hilo si dogo. Tukimpa tena uso usio wake tumempa nini?

Halafu kuna maji. Mnajua wote kwamba Panda na Buluo ni mito inayotoka upande wa Likasi na viwanda vyake, na maji yake yanakuja upande wetu. Wachunguzi waliopima samaki wa ziwa hili walikuta madini ndani ya nyama yao. Tulipotaka kutoa picha ya mvuvi mmoja kwenye ufuko wenye povu na takataka, maoni yalikuwa mawili. Wengine walisema: "Mufute ile povu. Wanunuzi wa samaki bakiona, bamama batakula nini?" Wengine walisema: "Hapana, muongeze weusi mu maji, wafadhili bajue kwamba tunakufa." Pande zote mbili walisema kwa uchungu, na pande zote mbili walikuwa na sababu.

Tumekataa yote mawili, na tunaomba chama kikatae pamoja nasi.

Tukifuta povu, tunaiba ushahidi. Kesho tukienda kulalamika mbele ya wakubwa, watatoa gazeti letu wenyewe na kusema: angalieni, maji yenu ni safi. Na tukiongeza weusi, tunafundisha uongo ulio mbaya zaidi, kwamba sumu inaonekana kwa macho. Shaba na kobalti vikiyeyuka katika maji havionekani. Maji meupe yanaweza kubeba, na maji ya matope yanaweza kuwa hayana kitu. Mama anayechota maji akiamini picha yetu atasema, "Haya ni meupe, ni mazuri." Picha haiwezi kupima maji. Inaweza kuonyesha mtu, mtumbwi, na ufuko sawa ulivyo siku ile. Mengine yote ni kazi ya maneno chini ya picha, na ya wapimaji.

Kuna pia hatari ya kupoteza jina. Mwaka wa 2006 shirika la habari Reuters lilikubali kwamba mpigapicha mmoja aliongeza moshi katika picha ya mji wa Beirut uliopigwa mabomu. Mabomu yalikuwa ya kweli. Moshi ulikuwapo. Aliongeza tu kidogo. Reuters ikaondoa picha zake zote, zaidi ya 900, hata zile zisizo na kosa. Ndivyo inavyokuwa: tone moja la uongo linamwaga mtungi mzima. Chama kidogo kama chetu hakina mtungi wa pili.

Kuchanganya picha si uongo daima. Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi mwaka wa 1978, mmoja wa walioanzisha Picha kule Lubumbashi, alitengeneza mwaka wa 2006 kazi inayoitwa "Mémoire". Alikata watu katika picha za zamani za kampuni ya migodi, wafanyakazi na wakubwa wa wakati wa ukoloni, wote weusi na weupe katika rangi ya kijivu, akawaweka juu ya picha za rangi za viwanda vilivyobomoka vya leo. Hakuna anayedanganyika. Mshono unaonekana wazi, na mshono ule njo unaosema: hawa walikuwa hapa, na angalieni kilichobaki. Kanuni yetu basi ni rahisi. Kama umebadilisha kitu ambacho anayeona hawezi kutambua, na kinabadilisha maana, usitoe. Kama unataka kuchanganya, mshono uonekane, na uandike chini.

Jina chini ya picha

Tunakaribia mwisho. Mwezi wa tano wa mwaka 1904, kwenye misheni ya Baringa, kaskazini mwa inchi yetu, mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha baba mmoja ameketi kwenye baraza, akiangalia mkono na mguu wa mtoto wake aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha ile ilionyeshwa kwa taa katika mikutano Uingereza na Marekani, na ilisaidia kuwaamsha watu mpaka Mfalme Leopold alipoachishwa Kongo mwaka wa 1908. Ni picha ya maumivu kuliko yote. Lakini haikumpiga kutoka juu, haikumwomba alie, na haikumwacha pasipo jina. Alikuwa Nsala, wa kijiji cha Wala. Mtoto wake, Boali. Zaidi ya miaka 100 imepita na tunaweza kuwataja. Ni picha ngapi za watu wetu zimekwenda Bulaya na chini yake imeandikwa tu, "Mkimbizi"?

Kwa hiyo tunaweka mbele ya mkutano mambo matano ili yakubaliwe.

Kwanza, hakuna picha bila ruhusa, na ruhusa inaombwa mara mbili: wakati wa kupiga, na tena wakati wa kutoa katika gazeti. Mtu anaweza kukubali ya kwanza na kukataa ya pili.

Pili, mwenyewe achague. Tunapiga nyingi, tunamuonyesha tatu, anasema ipi ni yeye.

Tatu, chini ya picha tunaandika jina kama mwenyewe anapenda, kazi yake, mahali, na mwaka. Kama jina linaweza kumletea hatari, halitoki; lakini hapo pia tunaandika kazi, siyo shida tu. Batoto wanatoka paka kama wazazi wamekubali, na hakuna mtoto anayepigwa akiwa hajavaa ao akilia.

Ine, picha ya kwanza itakayochapishwa kwenye karatasi ni ya mwenyewe. Mbele ya gazeti, mbele ya raporo. Iwekwe kwenye ukuta wa nyumba yake.

Tano, picha ya kwanza kabisa, isiyoguswa, inachungwa katika sanduku la chama pamoja na tarehe yake.

Wafadhili wetu wapendwa, jambo la ine njo tunaloomba mtusaidie, kwa sababu karatasi na wino vinalipiwa. Tunawaomba pia na jambo lisilo na bei. Msituombe picha za machozi. Tukiwatumia mama na kaye yake, ao mvuvi amesimama wima juu ya ufuko wenye povu, msifikiri kwamba shida imekwisha. Someni maneno yaliyo chini. Shida imeandikwa pale kwa hesabu. Picha imewekwa kwa ajili ya kuwajulisha nani anayepigana nayo.

Na ninyi vijana wenye telefone: juma hili kila mmoja ampige mtu mzima mmoja wa nyumba yake, mahali anapofanyia kazi, asubuhi ao kuanzia saa kumi. Piga magoti. Gusa uso kwenye kioo. Zima urembo. Kisha mwonyeshe, na unyamaze mpaka aseme mwenyewe kama ule ni yeye. Leteni picha hizo kwenye mkutano unaofuata. Tutaziangalia pamoja, na zitakazopata ruhusa zitatoka katika gazeti.